Mahame Niliyoyapaka Kijani

Mara ya kwanza kuiona nchi yetu kutoka juu sikuwa kwenye ndege. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mbao ofisini Masasi, dirisha likitazama vilima vya mawe, macho yangu yamebanwa kwenye kioo chenye miguu minne ya chuma kilichosimamishwa juu ya picha mbili. Picha zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe, zimepigwa na ndege wakati wa kiangazi, na kwa macho matupu ulikuwa huoni ila madoadoa, kama shuka iliyoingia ukungu. Bwana Misitu, mkuu wangu wa kazi, akaniambia, "Usiyakaze macho. Yaache yalegee, picha mbili ziwe moja." Nikayalegeza. Ghafla nchi ikainuka! Miti ikasimama, mabonde yakazama, na ule ukingo wa uwanda wa Newala ukaporomoka chini ya pua yangu hata nikashika meza kwa mikono miwili nisianguke.

"Mama yangu wee!" nililia, na karani wa chumba cha pili akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Sijawahi kusahau siku ile. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mchora ramani pekee mwanamke katika ofisi ile, na nilikuwa na domo. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikiwa tayari nabishana na mkunga. Lakini mchana ule nilinyamaza mpaka saa ya kufunga ofisi. Nilihama kutoka picha moja hadi nyingine, nikashuka bonde na kupanda mlima bila kunyanyua mguu, nikawa najiambia kwamba haya ndiyo Mungu anayoyaona kila siku, na si ajabu hana haraka.

Ile ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa magulioni, na wanunuzi wa korosho wameanza kuja na mizani yao hadi vijijini. Wazee waliwatazama kwa jicho la pembeni, maana tangu zamani korosho ilijua njia moja tu, ya kwenda ghala la ushirika. Pesa ilipoanza kuonekana watu wakataka kujenga. Nyumba ya udongo na nyasi ikawa aibu. Kila aliyejiweza alifyatua matofali, na tofali la kuchoma halichomwi kwa dua. Ukipita barabara ya Newala uliona matanuru yakifuka moshi kulia na kushoto. Shule za bweni zilitaka kuni, waoka mikate walitaka kuni, na mama zetu walizitaka kama walivyozitaka siku zote, isipokuwa sasa walizifuata mbali zaidi. Basi likaja agizo kwamba ofisi ichore ramani ya kuonyesha kuni ziko wapi, zinatosha nani, na tanuru la nani likate wapi ili mama wa kijijini asikose za kupikia.

Tulianza kwa kupima mahitaji. Tulifunga mzani wa kuning'inia kwenye tawi kando ya barabara, tukawa tunawasimamisha akina mama waliotoka porini na matita ya kuni kichwani. Bwana Misitu alikuwa mtu wa bara, mpole, anayeamini namba. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake, maana akina mama wengine Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea chumvi tu.

"Shikamoo mama. Tunaomba tuupime mzigo wako."

"Marahaba mwanangu. Mnanunua?"

"Hapana mama. Tunapima tu."

"Mnapima tu!" Aliwageukia wenzake. "Kweli serikali imeshiba."

Walicheka mpaka ngata zikawaanguka. Lakini walikubali, na mmoja baada ya mwingine waliutundika mzigo, tukaandika. Siku moja nililibeba tita mojawapo ili nione. Hatua kumi tu, shingo ikaniambia niliweke chini, nami nikatii. Mwenye tita alikuwa na ujauzito mkubwa, na alikuwa ametembea nalo tangu asubuhi. Alilipandisha tena kichwani akaenda zake akiimba kwa sauti ndogo, nami nikabaki nimesimama na daftari langu.

Kuuliza umbali kulikuwa kazi nyingine, maana hakuna aliyetuambia saa wala kilomita. Mama alinyoosha mkono. "Natoka jua likiwa hapa, nafika likiwa hapa, narudi likiwa hapa." Kwa hiyo nilijifunza kusoma mikono. Niliichora pembe ya kila mkono kwenye daftari, kisha jioni tukaigeuza kuwa saa, na saa tukazigeuza kuwa mwendo. Halafu nikachukua bikari, nikaisimika kwenye kila kijiji, nikakizungushia duara. Ndani ya duara ndimo mama anamoweza kwenda akakata kuni na kurudi kabla watoto hawajalilia cha mchana. Maduara yalipandana karatasi nzima, na penye weusi wa miti ndani ya duara tuliona matumaini.

Weusi huo niliutafuta kwa hamu. Picha zilipigwa wakati pori limepukutisha majani, kwa hiyo mahali pengi palionekana pa kijivu. Lakini juu kule uwandani, huku na huku, palikuwa na mabaka meusi, mazito, ya vichwa vya miti vya duara vilivyogusana. Chini ya kioo vilivimba vizuri ajabu. Majani hayapukutiki kiangazi, vichwa vimefungamana, hakuna nyumba, hakuna njia. Nikasema huu ndio msitu. Tulikwenda kuhakiki kwa gari, tukasimama barabarani, tukatazama ukuta wa vichaka na mitambaazi uliopita kimo cha mtu, Bwana Misitu akatikisa kichwa kukubali, nami nikaandika "msitu mnene". Hatukuingia ndani. Nani angeingia? Kulikuwa na upupu.

Mabaka yalifika kumi na mawili. Nikayapaka kijani, nikayapa namba. Siwezi kueleza nilivyojivuna. Siku tuliyoipeleka ramani Newala, Bwana Misitu alisimamisha gari pale ukingoni, Shimo la Mungu, akaikunjua juu ya boneti. Mbele yetu nchi ilikatika ghafla, ikashuka hadi bondeni, na mbali kabisa Ruvuma ilimetameta, na ng'ambo yake Msumbiji. Niliitazama nchi, nikaitazama karatasi. Kila mkunjo wa bonde ulikuwapo. Nilisikia machozi yakinilenga, nikamwambia Bwana Misitu kwamba ni vumbi.

Kikao kiliipitisha ramani kwa makofi. Kila kijiji kilipelekewa orodha ya kipande chake, na wenye matanuru wakaambiwa waombe vibali humo tu, wasiguse kwingine. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukata kuni kwa mpango. Mimi nikapewa ruhusa ya siku mbili, nikaenda kumwona mama.

Mama alikaa upande wa Makote, katika kijiji tulichohamishiwa wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi gwaride. Mimi nilihama nikiwa mdogo sana, nimebebwa juu ya magunia ndani ya lori, na kwangu kile kijiji ndicho kilikuwa kwetu. Nilimkuta amekaa barazani na panga jipya miguuni na mfuko wa salfa, dawa ya mikorosho, pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakuuliza habari za Masasi. Nilijua ana jambo.

"Mwanangu, mwaka huu nilikuwa narudi mahameni," alisema.

Mahame ni pale watu walipohama. Mama hakuwa mtu wa kupazungumzia. Nilijua tu kwamba kulikuwa na mikorosho huko, mwendo wa saa mbili, na kwamba baada ya kuhamishwa iliachwa, kwa sababu ni mbali, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unaunguza maua, na bei haikumlipa mtu miguu yake.

"Sasa dawa ipo," akaendelea, "na mnunuzi anafika mlangoni. Kwa nini nizeeke nikiomba chumvi na mikorosho ninayo? Nikasema nikafyeke, niipulizie, nivune. Nikaenda kumwarifu katibu wa kijiji. Akanitolea karatasi. Ati pale si mahame tena. Ni msitu wa kuni, kipande namba saba. Mwenye tanuru la kule Newala amekwisha kupewa kibali. Jumatatu wanaingia na mashoka."

Ilikuwa Jumamosi.

"Wewe si uko huko huko kwenye ramani?" mama alisema. "Nitafutie aliyeichora hiyo. Sitamfanya kitu. Nataka nimwone uso tu."

Mimi, mwenye domo, nilikosa neno. Namba saba niliikumbuka vizuri. Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, ndiyo nilimwita Bwana Misitu aje aitazame kwenye kioo. Niliuliza tu, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama, ilikuwa imekaaje hiyo mikorosho?"

Alinitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu cha korosho ghafi, akapiga magoti uani na kuisawazisha ardhi kwa kiganja.

"Hapa mlango," akasema, akaweka jiwe. "Nilikuwa nikitoka mlangoni hivi, jua linanipiga upande huu. Hatua ishirini, mkorosho wa kwanza." Akaweka korosho moja. "Huu mabibo yake mekundu, matamu, ndio tulikuwa tukikamua pombe ya uraka. Ukitoka hapa hatua kumi na tano, huu, wa manjano, mchachu, watoto hawautaki. Huu umeinama, baba yako alifungia mbuzi ukiwa mchanga, nikamgombeza mpaka basi. Huu una vigogo viwili tangu chini, kwa sababu tulifukia korosho mbili shimo moja zikaota zote, nikakataa kung'oa hata moja."

Hakusita. Mkono ulikwenda kikapuni na kurudi chini, na kila korosho ilikuwa na habari yake. Nilianza kuhesabu hatua kwa kuandika, kwanza kwa kumridhisha, halafu kwa haraka, nisije nikapitwa na mti hata mmoja. Alipofika pembeni kabisa aliweka korosho saba karibu karibu.

"Hii ilikuwa ya bibi yako. Alinipa mimi. Shamba letu hufuata upande wa mama, kwa hiyo hii ni yako wewe, ila ulikuwa hujui kama una mali."

Korosho arobaini na tatu zilikuwa zimetanda uani. Nilikuwa na mkoba wa ofisi, picha za anga zikiwa ndani, maana Jumatatu nilitakiwa Tandahimba kuhakiki vipande vingine. Nikatoa rula na karatasi angavu ya kunakilia. Nikapima hatua ya mama pale uani, nikaipunguza kwa kipimo cha picha, nikatia nukta moja kwa kila korosho. Ilinichukua muda mrefu, mama akapika, tukala, nikaendelea. Kisha nikaiweka karatasi juu ya picha ya anga, juu ya baka lile jeusi, nikaanza kuisogeza. Haikukaa. Nikaizungusha kidogo, nikaisogeza tena kuelekea chini, na hapo nukta zikaanza kuingia. Moja ikaingia kwenye kichwa cha mti. Mbili. Kumi. Zile saba za bibi ziliingia pembeni pamoja, zote kwa mpigo. Nilisikia nywele zikinisimama. Tangu tuhamishwe ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi na mitano, na mama hakuwahi kuingia darasani hata siku moja.

"Mitatu haipo, mama," nilisema. "Hapa, hapa na hapa."

Aliinama akatazama nilipogusa. "Hiyo ilikuwa na mchwa. Itakuwa imekufa."

"Na hapa kuna miwili ambayo hukuiweka."

"Basi imejiotea. Korosho ikianguka haingoji ruhusa."

Nimetazama vitu vingi vya ajabu tangu hapo, mpaka ramani zinazochorwa na mashine peke yake, na hakuna kilichonishtua kama kile. Niliyokuwa nimeyaona kwa kioo cha kigeni na kuyaita msitu, mama aliyaona akiwa amefumba macho, akayajua moja moja kwa ladha ya mabibo yake. Na mimi mtoto wa Kimakonde, niliyelelewa kwa korosho, nilikuwa nimeutazama mkorosho miezi sita mfululizo nisiutambue, kwa sababu niliuona utosi tu.

"Mama," nikasema, "aliyeichora ni mimi."

Alikuwa anazirudisha korosho kikapuni. Hakuacha.

"Nilijua ulipoanza kunyamaza. Wewe hunyamazi bure."

Nililia. Mama aliniacha nilie, hakuwa mtu wa kubembeleza mkosaji. Nilipomaliza aliivuta ile nakala ya ramani iliyokuwa imechomoza mkobani, akaikunjua, akaitazama kwa muda. Akaweka kidole kwenye baka la kijani ambalo halikuwa letu, halafu kwenye jingine.

"Na haya mengine ni ya nani?"

"Ni misitu, mama."

"Uliuliza?"

Niliikunja ramani. Kesho yake alfajiri nilidandia lori la korosho hadi Masasi, nikamkuta Bwana Misitu nyumbani kwake anapiga pasi suruali ya kazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Uso ulimbadilika.

"Binti, ramani imekwisha kwenda Mtwara! Vibali vimetoka! Wewe mtoto wa huku huku, mkorosho huujui?"

"Nilikuwa sijawahi kuuona kutoka juu," nilijibu, na kwa mara ya kwanza sikumaanisha kujibu kwa ujeuri.

Nikamtandikia picha mezani, na karatasi ya nukta juu yake. Aliinama. Alisogeza karatasi pembeni, akairudisha, akaisogeza tena, akaanza kuhesabu kimya kimya kwa ncha ya kalamu. Pasi iliunguza suruali, tukasikia harufu, hakugeuka.

"Mama huyu amesoma wapi?" aliuliza hatimaye.

"Hajasoma."

Alivua miwani, akaifuta, akasema twende.

Jumatatu tuliwakuta wakataji wamekwisha fika, wamekaa kando ya kichaka wananoa mashoka, na mwenye tanuru amesimama na kibali chake mkononi. Mama alikuwa mbele yao, peke yake, na panga lake jipya. Alikuwa amekwisha kufungua njia ya hatua kama ishirini, jasho linamtiririka. Bwana Misitu alimwamkia, "Shikamoo mama," na mama akasema, "Marahaba mwanangu, nifuate, usikanyage upande huo, kuna upupu."

Tukaingia wote. Ndani kulikuwa giza na ubichi. Mama alikata mtambaazi mmoja baada ya mwingine, kisha akasimama, akachokora majani kwa mguu, na mafiga matatu yakatokea, meusi bado kwa masizi. Akageuka akaupa mgongo mlango ambao hatukuuona. "Hatua ishirini," akamwambia Bwana Misitu. "Hesabu wewe, usije ukasema nimeloga." Bwana Misitu akahesabu kwa sauti, akikata vichaka kwa fimbo, na kwenye ya kumi na tisa paji lake la uso likagonga tawi. Lilikuwa la mkorosho. Akaenda kwa mwingine. Alipoufikia ule wa vigogo viwili aliukumbatia kabisa, mtu mzima na cheo chake, halafu akavua kofia, na wakataji nao wakavua zao bila kuambiwa.

Bwana Misitu alikiandika kibali upya palepale, kwa kalamu, juu ya goti. Mwenye tanuru alianza kulalamika kwamba matofali yake yataloa mvua. Mama akamkatiza.

"Kuni nitakupa, baba. Hii mikorosho imesongana, nitapogolea matawi mpaka useme basi. Na mwakani nitapogolea tena. Wewe ulitaka kuni za mara moja."

Bwana Misitu alimtazama, akaandika maneno hayo kwenye daftari lake la namba. Yakawa rangi mpya kwenye ramani yetu, ya manjano, kuni za matawi ya mashamba yanayotunzwa, na baadaye tuliipima kwa mzani tukashangaa jinsi ilivyokuwa nyingi. Siku ile lakini mimi sikuwa nafikiria rangi. Nilikuwa nafikiria vipande kumi na kimoja.

Bwana Misitu aliandika barua ya kusimamisha vibali vyote, na barua za serikali unazijua mwendo wake. Mimi sikuingoja. Nilimwomba anipe kiangazi kilichobaki, nikatembea kijiji hadi kijiji na kikapu cha korosho, karatasi angavu na rula. Nilikaa nyuani kwa watu, nikasema shikamoo, nikaomba wanipangie. Walipanga. Wanawake kwa wanaume, Waislamu kwa Wakristo, walipiga magoti wakasawazisha ardhi kwa viganja, na kila mahali nukta ziliingia kwenye picha. Sikuzoea. Kila mara zilipoingia nilisimamisha pumzi. Kati ya vile vipande, viwili tu ndivyo havikuwa na mwenyewe. Vilivyobaki vyote vilikuwa mahame, na wenyewe walikuwa hai.

Kipande namba tatu kilikuwa upande wa kuelekea Tandahimba. Nilikifikia karibu na mwisho. Nilipokaribia niliona tanuru kubwa linafuka, na nyuma yake anga tupu mahali ambapo palitakiwa kuwa na miti. Barua haikuwa imefika. Niliulizia kama pale palikuwa na mwenyewe, wakanionyesha nyumba ya bibi mmoja mjane. Nilimkuta anatwanga. Nilimwamkia, nikajieleza, nikamwambia ramani iliyopatoa pale kwake ilikuwa ya mkono wangu na kwamba ilikosea. Niliuliza kwa nini hakwenda kuwazuia.

"Waliniambia ni ramani," alisema. "Nikadhani ramani imeona nisichokiona mimi."

Nilitaka kuondoka. Lakini aliuliza kikapu kile cha nini, nikamweleza, na yeye akaweka mchi chini, akapiga magoti. Nilimwambia hakuna haja, bibi, imekwisha kukatwa. Alikivuta kikapu. Alizipanga taratibu, moja moja, akinena kila mti na habari zake, sitini na moja, mpaka kikapu kikabaki na vumbi tu. Kwa kuwa mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya, nikazinakili. Nikaiweka karatasi juu ya picha, picha ile ya zamani ambayo miti ilikuwa bado imesimama, nikaizungusha, na zote sitini na moja zikaingia.

Alitazama nukta zile kwa muda mrefu, akazipitia kwa kidole kilichojaa unga. Kisha akaniomba ile karatasi ya nukta. Ilikuwa mali ya serikali, ina muhuri na namba ya kumbukumbu, na bila hiyo kipande namba tatu kisingekuwa na ushahidi wowote ofisini. Nilimpa. Ndiyo mikorosho aliyobaki nayo.